Kikulacho ki Nguoni: Wadudu wa Nyumbani katika Picha za Dhihaka za Waingereza

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako twaitumia kila siku. Humwendea ndugu msaliti, mshirika mwizi katika biashara, na mtumishi anayetoa nje siri za nyumba. Tumeizoea hivyo hata tumesahau kwamba maneno yenyewe ni ya mtu anayejikuna. Kabla hajawa msaliti, mlaji huyo alikuwa chawa.

Waingereza wana methali zao, lakini maana ya hii yetu waliijua barabara, na wakaitia katika picha. Kwa muda wa miaka sitini hivi, tangu mnamo 1770 hadi 1830, mji wa London ulikuwa na wachoraji hodari wa dhihaka. Sifa yao imetokana na jinsi walivyowachora wafalme na mawaziri bila ya kuwaonea haya. Lakini mtu akizitazama picha zao kwa utulivu atakuta humo pia kunguni, chawa na panya, wale wageni wasioalikwa ambao kila mwenye nyumba anawafahamu.

Picha hizo zachekesha mpaka leo. Hata hivyo, zinatuachia swali ambalo si la kucheka, nalo latuhusu sisi tunaosoma magazeti na kutazama vikatuni vyake. Mchoraji anapomfananisha binadamu na mdudu, amemfananisha nani, na kwa faida ya nani?

DIRISHA LA DUKA

Picha ya aina hii ilianza na bamba la shaba. Bamba lilipakwa nta, mchoraji akachora juu yake kwa sindano, kisha likatiwa tindikali ambayo ilikula palipochorwa. Baadaye lilipakwa wino na kupigwa chapa, karatasi moja moja. Rangi zilitiwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Picha nyingi ziliuzwa shilingi moja bila rangi na shilingi mbili kwa rangi, na shilingi ya Kiingereza ya wakati ule haikuwa kitu kidogo kwa kibarua.

Lakini kutazama kulikuwa bure. Wenye maduka walitundika picha mpya dirishani, na wapita njia, wenye mabuti na wasio na viatu, walisimama pamoja kuzicheka. James Gillray, aliyefariki mwaka 1815, aliishi juu ya duka la bibi mmoja aitwaye Hannah Humphrey katika barabara ya St James's Street, na bibi huyo ndiye aliyeuza kazi zake. Picha moja iliyotolewa mwaka 1808 yaonyesha duka hilo hilo. Mzee mmoja ameteleza na kuanguka chini kwa kishindo, na nyuma yake watu wamekodoa macho dirishani, hata mmoja hana habari naye. Hivyo ndivyo picha zilivyopendwa.

KITANDA CHA MFALME NA CHA MASKINI

London ya siku hizo ilikuwa na kunguni wengi. Vitanda vilikuwa vya mbao, vyenye nguzo, besera na mapazia mazito, na kila ufa na kila pindo lilikuwa maficho. Thomas Rowlandson, rika lake Gillray, alichora watu waliokurupuka usiku wa joto, nguo za kulalia mwilini na mshumaa mkononi, wakiwasaka kunguni kama wawindaji wanaosaka mnyama wa porini. Kichekesho kimo katika bidii yao. Mtu mzima, mwenye heshima zake mchana, usiku amekuwa askari wa kupigana na adui asiyezidi punje ya mchele.

Kuangamiza kunguni ilikuwa kazi ya watu, tena yenye kipato. Mwaka 1730 mtu aitwaye John Southall alitoa kitabu kizima juu ya kunguni na dawa yao. Dawa hiyo hakuivumbua yeye. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliipata kisiwani Jamaica kwa mzee mmoja mweusi mwenye nywele na ndevu nyeupe pe, wakati ambapo miwa ya kisiwa hicho ilikuwa ikilimwa na watumwa wa Kiafrika. Southall alirudi London na kuifanyia biashara. Jina lake lipo mpaka leo juu ya kitabu, na jina la mzee hatukuachiwa. Hapo napo kuna aina ya kunyonya ambayo hakuna mchoraji wa London aliyeichekea.

Zaidi ya miaka mia baadaye, Henry Mayhew, mwandishi aliyezunguka mitaani akikusanya habari za maskini wa mji huo, alizungumza na Bwana Tiffin, ambaye kampuni yake ilikuwa ikiangamiza kunguni katika nyumba ya Malkia Victoria. Tiffin alimweleza jinsi alivyoitwa mbio kukikagua kitanda cha Binti Mfalme Charlotte, yule aliyefariki mwaka 1817. Alimpata kunguni mmoja tu. Binti Mfalme akaruka juu ya kitanda, akamshika Tiffin begani ili amwone adui aliyemkosesha usingizi. Tiffin, katika kusimulia, aliongeza kwa utani kwamba kunguni yule alionekana amenawiri kwa kuonja damu ya kifalme.

Hapo ndipo ilipo siri ya kicheko hiki. Kunguni hajui mfalme wala mchuuzi. Hasomi cheo cha mtu kabla ya kumuuma. Mchoraji akimwonyesha mkubwa akijikuna, amekwisha kumshusha kutoka katika kiti chake cha enzi bila ya kusema neno moja la uasi.

Mfalme George wa Tatu aliyapata hayo. Ilivuma kwamba chawa alionekana kwenye sahani yake ya chakula, na kwamba kwa hasira aliamuru wapishi wote wa jikoni wanyolewe vichwa. Mwaka 1785 mshairi John Wolcot, aliyejificha nyuma ya jina la Peter Pindar, alianza kuutoa utenzi mrefu juu ya kisa hicho, akautunga kwa lugha ile ile kubwa iliyotumika kuwasifu mashujaa wa vita. Shujaa wake alikuwa chawa. Watu walicheka, na mfalme mwenye dola na merikebu za vita hakuwa na la kufanya.

PANYA WA SIASA

Panya naye alikuwa na mahali pake. Rowlandson alipotoa mfululizo wa picha za wachuuzi wa London mwaka 1799, picha ya kwanza ilikuwa ya muuza mitego ya panya anayenadi bidhaa yake. Lakini panya wa London hakubaki jikoni, aliingia pia katika siasa. Ukoo wa wafalme uliotoka Hanover, katika nchi za Wajerumani, ulishika kiti cha Uingereza mwaka 1714, na karne hiyo hiyo panya wa rangi ya hudhurungi akaenea nchini. Wapinzani wa ukoo huo wakamwita panya wa Hanover, kana kwamba amekuja na mizigo ya mfalme. Mwanasiasa aliyewakimbia wenziwe na kujiunga na upande wenye ulaji naye aliitwa panya, kwani panya husemekana huhama merikebu inapokaribia kuzama.

Waingereza husema mtu amenusa panya anaposhuku kwamba kuna jambo baya linalotengenezwa kwa siri. Gillray aliufanya msemo huo kuwa picha mwezi Desemba 1790. Edmund Burke, mbunge aliyeyaogopa sana mapinduzi ya Ufaransa, amechorwa pua kubwa na miwani tu, pamoja na mikono iliyoshika taji na msalaba, akimtokea ghafla mhubiri Richard Price, aliyeyasifu mapinduzi hayo, ambaye yuko mezani usiku anaandika. Je, anayechekwa ni nani? Price aliyeshtuka kama panya aliyemulikwa taa, au Burke ambaye mwili wake wote umekuwa pua? Gillray hakusema. Kila upande ulicheka na kudhani umechekewa mwingine.

Hakuwa na wasiwasi kama huo juu ya Napoleon. Katika picha ya mwaka 1803, Mfalme George amemsimamisha Napoleon juu ya kiganja chake, kadogo kama panzi, anamchungulia kwa darubini. Gillray aliitoa fikira hiyo katika safari za Gulliver alizozitunga Jonathan Swift mwaka 1726, ambamo mfalme wa majitu huwahesabu wanadamu kuwa ni viumbe waharibifu watambaao juu ya ardhi. Taifa lililokuwa likiogopa kuvamiwa lilipata nafuu kumwona adui wake akiwa wa kufinywa kwa vidole viwili.

NYUMBA YA JACK

Lakini picha iliyo karibu kabisa na methali yetu haikumhusu adui wa ng'ambo. Tarehe 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester kudai haki ya kuwa na wajumbe bungeni. Askari wa farasi wakawaingilia kwa panga. Zaidi ya watu 10 waliuawa na mamia wakajeruhiwa, wake kwa waume. Serikali, badala ya kuwaadhibu waliofanya hayo, ikatunga sheria mpya za kuibana mikutano na magazeti.

Mwezi Desemba mwaka huo huo, mchapishaji William Hone na mchoraji kijana George Cruikshank walitoa kijitabu cha shilingi moja. Hone hakuwa mgeni wa mahakama. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshtakiwa mara tatu kwa sababu ya maandishi yake ya dhihaka, na mara zote tatu baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia. Safari hii alichukua wimbo wa watoto ambao kila Mwingereza aliujua, juu ya nyumba aliyoijenga Jack. Ni wimbo wa mnyororo kama zile hadithi zetu za paukwa pakawa ambazo kila kitu huzaa kingine. Nyumbani mna kimea, kimea kaliwa na panya, panya kauawa na paka, na kuendelea.

Katika kijitabu cha Hone, hazina iliyomo nyumbani ni haki za raia, zile hati za kale zinazomkataza mfalme kumfunga mtu bila ya sheria. Kisha wakaja waharibifu wanaoila hazina hiyo. Msomaji akifunua ukurasa akitazamia kuona panya hakuona mkia wala masharubu. Aliona watu waliovaa vizuri: wanajeshi, wanasheria, watoza kodi. Cruikshank hakuwabadilisha sura hata kidogo. Aliwachora kama walivyo, na neno moja chini ya picha likafanya kazi yote.

Na dawa ya waharibifu hao ilikuwa nini? Ilikuwa mtambo wa kupigia chapa. Cruikshank aliuchora mtambo huo, na Hone akasema kwamba, japo watunge sheria na kuutoza kodi, huo ndio utakaokuwa sumu yao. Kijitabu kilichapwa zaidi ya mara 50 na nakala kiasi cha 100,000 zikauzwa katika miezi michache. Hiyo ndiyo kikulacho ki nguoni mwako kwa Kiingereza. Mlaji hakutoka Ufaransa. Alikuwa ndani ya nyumba, na mshahara wake ulitoka katika ghala ile ile aliyokuwa akiitafuna.

WADUDU NDANI YA KIKOMBE

Mfano mwingine wa dhihaka iliyofanya kazi ni picha ya William Heath ya mwaka 1828. Bibi mmoja amechungulia tone la maji ya mto Thames kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, na humo ameona majoka, kaa na madude yenye miguu mingi. Kwa mshtuko kikombe chake cha chai kimemtoka mkononi. Heath aliitunuku picha hiyo kwa makampuni ya maji ya London, ambayo yalikuwa yakivuta maji katika mto ule ule uliopokea uchafu wa mji.

Vidudu alivyovichora Heath havikuwa vya kweli, lakini hatari ilikuwa ya kweli. Miaka minne baadaye, mwaka 1832, kipindupindu kiliua maelfu mjini London, kikarudi mwaka 1848 na tena 1854. Mwaka huo wa 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata maji ya bomba moja la mtaani. Sheria ya kuyalazimisha makampuni kuvuta maji mbali na uchafu na kuyachuja ilikuwa imetungwa mwaka 1852. Mchoraji hakuwa tabibu, wala hakujua chembe ya kipindupindu. Alijua tu kwamba watu wanauziwa uchafu, na akawachekesha mpaka wakakitazama kikombe walichokishika.

KICHEKO KILICHOKOSA NJIA

Ingekuwa vyema kama tungeishia hapo na kuwasifu wachoraji hao moja kwa moja. Haki haituruhusu. Kalamu ile ile iliyomkuna mfalme iliwauma pia watu wasio na kosa. Bwana Bute, Mskoti, aliposhika uwaziri mkuu mwaka 1762, madirisha ya London yalijaa picha za kuwatukana Waskoti wote. Walichorwa na matambara, wanajikuna kwa upele na chawa, wanasugua migongo yao kwenye nguzo kama ng'ombe. Bute angeweza kukosolewa kwa kazi yake, na wapo waliomkosoa hivyo. Lakini mkulima maskini wa milima ya Uskoti, ambaye hakumjua Bute wala hakumchagua, alikuwa na kosa gani hata afanywe mdudu?

Tofauti ya picha hiyo na ya Hone ni kubwa, ingawa zote mbili zataja wadudu. Hone alimshika mtu kwa tendo lake: wewe unakula haki za watu, basi wewe ni mharibifu. Anayeacha kula ameacha kuwa mharibifu. Picha ya Mskoti ilimshika mtu kwa kuzaliwa kwake, na kuzaliwa hakuna toba. Ya kwanza ni hoja iliyovaa nguo za mzaha. Ya pili ni tusi tupu, na tusi la namna hiyo humwandaa msikilizaji kwa jambo baya zaidi, kwa sababu mdudu hahojiwi wala hahukumiwi. Mdudu huuawa.

Hatusemi haya kwa kutia chumvi. Mwaka 1994 nchini Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, siku baada ya siku, na katika miezi mitatu mamia ya maelfu ya watu wakauawa na majirani zao. Wachoraji wa London hawakuhusika na hayo. Lakini neno linalomgeuza binadamu kuwa mende lina njia moja popote linapotamkwa, na sisi wa Afrika ya Mashariki tumeona mwisho wa njia hiyo karibu na kwetu.

Kiswahili chenyewe hakina usalama katika jambo hili. Siku hizi, hasa Tanzania, mtu anayemganda tajiri au mwanasiasa kwa sifa za uongo ili apate riziki huitwa chawa. Maadamu neno hilo linakemea tabia, na mwenye tabia anaweza kuiacha, ni dhihaka halali ya mtindo wa Hone. Siku litakapobandikwa kabila au watu wa mji fulani, litakuwa limegeuka.

BEI YA KALAMU

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Wakubwa waliochorwa hawakukaa kimya. Gillray, ambaye mwanzo alikuwa akiwapiga wote bila ya kubagua, alipokea posho ya serikali kuanzia mwaka 1797, na kuanzia hapo kalamu yake ikaelemea zaidi upande wa wenye kulipa. Mwezi Juni 1820 Cruikshank naye alilipwa pauni 100 kwa ahadi kwamba hatamchora Mfalme George wa Nne katika hali ya aibu. Fedha alizichukua. Lakini kabla ya mwaka kwisha, yeye na Hone walikuwa wametoa kijitabu kingine cha kumcheka mfalme huyo huyo kwa jinsi alivyomtendea mkewe. Msomaji na aamue mwenyewe kama hiyo ni hiana au ni ujasiri. Tunaloliona sisi ni kwamba mfalme alikiogopa kipande cha karatasi cha shilingi moja kiasi cha kukinunua kwa pauni mia.

Picha hizo hazikupotea. Jumba la Makumbusho la British Museum limezihifadhi, na orodha yake ya picha za dhihaka, iliyoanza kutolewa mwaka 1870 na kukamilishwa na bibi Mary Dorothy George mwaka 1954, ina picha zaidi ya 17,000. Kazi yao ilirithiwa na jarida la Punch, lililoanzishwa London mwaka 1841. Mwaka 1843 jarida hilo lilitoa mchoro wa John Leech wa maskini waliopelekwa kutazama picha badala ya kupewa mkate, likauita kwa jina ambalo hapo kwanza lilikuwa la michoro ya kuandalia picha kubwa za ukutani. Jina hilo ndilo lililotufikia sisi kama katuni.

Basi katuni tumeirithi, nayo imekaa vizuri katika magazeti yetu. Vijana wetu wenye vipaji vya kuchora wapo wengi, na panya, mende na kunguni hawatawaishia. Wanapomtia mmoja wao katika picha, na watazame kwanza kidole chao kinamwelekea nani. Kikimwelekea mwenye nguvu anayekula jasho la wengine, wachore bila ya hofu, na sisi tutacheka pamoja nao. Kikimwelekea mnyonge kwa sababu ya asili yake, rangi yake au umaskini wake, waiweke kalamu chini, kwani hapo hakuna mdudu aliyechorwa. Amechorwa jirani.